Mkwe Asiyekwenda Kazini

Mama yangu alifika Bariadi kutoka Ngulyati asubuhi, siku moja baada ya mimi kuruhusiwa hospitali, akiwa na kuku wawili, mfuko wa michembe ya viazi vitamu na kanga mpya za kumbebea mjukuu. Kabla hata hajamfunua mtoto usoni, aliniuliza, "Mumeo anatoka saa ngapi kwenda kazini?"

Nikamwambia haendi kazini. Yuko likizo.

"Likizo ya nini? Anaumwa?"

"Likizo ya uzazi, mayu."

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniangalia kama mtu anayetaka kujua kama ile dawa ya usingizi ya operesheni imeshanitoka. "Nani amejifungua," akasema, "wewe au yeye?"

Hakuwa wa kwanza kuuliza. Mume wangu Luhende ni fundi wa mitambo kwenye kinu kimoja cha kuchambulia pamba nje kidogo ya mji, na alipokwenda kuomba ruhusa, msimamizi wake Novatus alimwambia siku tatu za baba sheria inampa, hana ubishi nazo. Lakini hiyo likizo ya mwaka anayotaka kuiunganisha juu yake, anaitaka ya nini? Anyonyeshe? Karakana nzima ikacheka. Luhende akacheka nao, akafunga boksi lake la spana, akaja nyumbani. Ndivyo alivyo. Humkuti akibishana na mtu, na humkuti akiacha alichokusudia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kubishana ndiyo kazi yangu, na mpaka leo sijajua jinsi ya kugombana na mtu wa namna hiyo.

Alikuwa na sababu yake, na alinieleza mimba ikiwa bado changa. Baba yake alikuwa dereva wa malori, akirudi nyumbani watoto wanajificha nyuma ya maghala kwa kutomjua. "Sitaki mwanangu anizoee kama mgeni," alisema. Basi. 

Mimi nilimhitaji Luhende, na nilimhitaji mama pia. Nilikuwa na mshono tumboni, daktari amenikataza kuinama na kubeba kitu chochote kizito kuliko mtoto, na mama wa Luhende alishafariki miaka mingi. Nilipojiona nina wote wawili, mume na mama, nikajiona nimebarikiwa. Nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo Msukuma hapaswi kulisahau hata akiwa amepigwa sindano ya usingizi.

Kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukimbiana. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja, na mkwe halitaji jina la mama mkwe wake hata akiulizwa na karani wa serikali. Mjini watu wengi wameshalegeza. Nawajua wakwe wanaopigiana simu za video na kutaniana. Mama yangu si wa kundi hilo. Yeye alikuwa amepanga safari yake vizuri kabisa: mchana mkwe yuko kazini kama wakwe wote wa duniani, yeye anakaa na mimi na mtoto, jioni anavuka kwenda kulala kwa jirani yetu Mama Precious, ambaye alikwishakubali. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa uani, imekunja suruali, inafua nepi.

Siku ya kwanza walikimbizana kutwa nzima. Mama akitoka jikoni, Luhende anakimbilia barazani. Luhende akirudi kuchukua beseni, mama anazunguka nyuma ya nyumba kama aliyeona nyoka. Ikabidi utaratibu upatikane, na ulipatikana wenyewe bila mtu kuitisha kikao. Mlango wa mbele ukawa wa Luhende, mlango wa uani ukawa wa mama. Anayetaka kuingia sebuleni anakohoa kwanza, aliyemo anamlaza mtoto kwenye mkeka na kutoka kwa mlango wake, kisha mwingine anaingia na kumchukua. Choo chetu mama hakukigusa, alikuwa anakwenda kwa Mama Precious, mvua inyeshe isinyeshe.

Na mazungumzo yakawa yanapita kwa Nancy. Binti yangu hakuwa hata amedondosha kitovu, lakini alikuwa ndiye mjumbe wa nyumba nzima.

"Nancy," mama alisema siku moja kwa sauti ya kufika barazani, "mwambie baba yako maji ya kumwogeshea mtoto hayawi ya moto hivi. Wewe si kuku wa kunyonyolewa."

"Nancy," Luhende akajibu kutoka nje, kwa adabu zote, "mwambie bibi nimesikia. Naleta ya baridi."

"Nancy, mwambie wabeja."

"Nancy, mwambie bibi asante na yeye."

Mimi kitandani nilicheka mpaka nikaushika mshono kwa mikono miwili. Nancy alikuwa amelala fofofo.

Lakini mama hakuwa anacheka. Kwake hayo yalikuwa aibu ya kweli, na aibu hiyo ilizidi siku akina mama wa jumuiya walipokuja kunipa hongera. Walimkuta Luhende anaanika nepi kwenye kamba, anazinyoosha moja moja kama nguo za padri. Mmoja wao akaingia ndani akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka wote wasikie, nimemwekea mume wangu dawa gani, na kama imebaki nimgawie. Wakacheka. Nami nikacheka. Mama aliinamisha uso kwenye sufuria ya uji na hakuuinua mpaka wageni wakaondoka.

Kuanzia hapo akaanza kumshinda mkwe wake kwa mbio. Asubuhi anawahi kuvuka kutoka kwa Mama Precious, Luhende anapotoka bafuni tu mtoto ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, amefungwa kanga kama kifurushi cha tumbaku. Jioni ni hivyo hivyo. Nepi ikilowa, mama amekohoa. Mtoto akipiga mwayo, mama amekohoa. Nilimwona Luhende mara nyingi amekaa barazani na taulo kavu begani, anasubiri zamu isiyofika. Mtu mzima, mwenye ndevu, anasubiri kama aliyepanga foleni kwenye duka lililofungwa.

"Likizo yangu inakwisha," aliniambia siku moja mama akiwa ametoka, "na bado sijamwogesha mwanangu hata mara moja."

Hakulalamika. Alisema tu. Nami moyo uliniuma, kwa sababu nilijua siku aliyopoteza hapa hakuna wa kumrudishia. Mtoto mchanga hasubiri likizo ya mwakani.

Nikamwambia mama. Sikuchagua maneno, kwa kweli. Nilimwambia huyu ni baba wa mtoto, mpe nafasi.

"Na mimi ni nani?" mama akaniuliza. Aliuweka mwiko chini. "Matilda, mimi nimeacha shamba halijapandwa. Wenzangu wote wameshafukia mbegu za pamba, mimi niko hapa nakohoa kutwa kama mgonjwa wa kifua. Nyumba hii haiwezi kuwa na mimi na mkwe mchana kutwa. Mwisho ni Jumamosi. Aende akakae kwa mwenzake mpaka nitakapomaliza kukulea, au nirudi Ngulyati. Chagua mwenyewe."

Nichague. Mama aliyenizaa, ambaye bila yeye nisingeweza hata kuinuka kitandani siku zile za kwanza, au baba wa mwanangu, aliyekuwa anakula siku zake zote za mapumziko ili mtoto amjue. Nilikasirika, nikajivuta mpaka barazani kwa Luhende.

Nilipomweleza Luhende, nilitegemea angalau mara moja katika maisha yake agombane. Akakuna kidevu. "Nitakwenda kwa Zengo," akasema. Zengo ni mwenzake wa kinuni, ana chumba kimoja na redio inayopiga kelele siku nzima. "Mama ametoka mbali. Na wewe unahitaji mtu anayejua." Akaanza kukunja mashati yake. Nililia, na sikumficha kwamba nalia.

Basi ikafika Ijumaa.

Mchana nilikwenda kuoga. Bafu letu liko uani, la mabati, na mimi nilikuwa natembea kwa kujivuta, kwa hiyo kuoga kwangu ilikuwa safari. Nilimwacha Nancy sebuleni amelala kwenye mkeka, Luhende amekaa pembeni yake anamfukuzia nzi kwa kipande cha gazeti. Mama alikuwa jikoni hukohuko uani anapuliza kuni mbichi. Nikafunga mlango wa bafu nikiwa na amani. Watu wazima wawili, mtoto mmoja.

Moshi ukamkaba mama, akakohoa.

Luhende akasikia. Akajua mama mkwe anataka kuingia. Akainuka kwa heshima, akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda mpaka kwenye uzio wa minyaa akageukia barabarani, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, naye akakohoa ili ajulikane kuwa ametoka. Mama akasikia kikohozi cha mkwe, akajua mkwe ndiyo kwanza anaingia. Akajisogeza nyuma ya jiko, akaipa nyumba mgongo.

Nancy akaamka. Akaona dari, hakuipenda, akalia.

Mimi nilikuwa na povu kichwani. Sikushtuka. Nilijua atachukuliwa sasa hivi. Akaendelea. Kilio kikapanda, kile cha mtoto anayekosa pumzi katikati halafu anarudi kwa nguvu mpya. Nikachungulia kwenye upenyo wa mabati, nikamwona mama nyuma ya jiko, amekunja mikono, ameibana midomo, anajisemea peke yake, "Mwanaume gani huyu. Mtoto analia, yeye amemkodolea macho tu."

"Mayu," nikaita, "mtoto."

"Yuko na baba yake."

Nikapaza sauti, "Luhende, mtoto analia."

Sauti ya mume wangu ikaja kutoka mbali, upande wa barabara, tulivu kabisa. "Yuko na bibi yake."

 Nilihitaji muda kuelewa. Kisha nikasikia miguu inakimbia kutoka mbele na miguu inakimbia kutoka nyuma, nami nikajifunga kanga na povu langu, mkono mmoja kwenye mshono, nikajivuta kuelekea mlango wa uani.

Nilichokikuta sebuleni sitakisahau. Walikuwa wamepiga magoti, mmoja upande huu wa mkeka, mmoja upande ule, wametazamana ana kwa ana, pua kwa pua. Tangu nifunge ndoa mama hakuwahi kumwona Luhende usoni kwa karibu. Waligutuka pamoja. Mama akajitupia kanga kichwani. Luhende, ambaye hakuwa na kanga, akajitupia nepi iliyokuwa kwenye kiti. Wakabaki hivyo, watu wazima wawili wamejifunika vichwa, wameinamia mtoto anayelia ambaye hakuna hata mmoja wao anayemwona.

Ningecheka, lakini kilio kikakatika ghafla. Nancy alikuwa amecheua maziwa, na maziwa yamerudi kooni. Nilimwona anafungua mdomo bila sauti. Nikajaribu kuinama, tumbo likakataa.

Luhende aliivua ile nepi kichwani. Akamnyanyua mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kidogo ya kiwiliwili, kidevu kimekaa kwenye vidole vyake kama nesi alivyotuonyesha wodini siku ile mimi nikisinzia na yeye akisikiliza. Akampiga mgongoni kwa kiganja. Tena. Yale maziwa yakatoka, Nancy akavuta pumzi ndefu, akalia kilio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Luhende akamgeuza, akamfuta, akamweka kifuani, akaanza kumsemesha Kisukuma cha chinichini, kile cha kumsemesha ndama. Mtoto akanyamaza. Akambadilisha nepi hapohapo, akainua miguu miwili kwa mkono mmoja, akakunja, akafunga, hakuharakisha.

Nikageuka kumtazama mama. Kanga ilikuwa imefunuka upande mmoja, na jicho lake moja lilikuwa linaangalia. Lilimwangalia mkwe tangu mwanzo mpaka fundo la mwisho la nepi. Kisha akainuka, akatoka kwa mlango wake, na hakurudi siku hiyo. Uji wa jioni alipika Luhende. Ulikuwa na madonge, nikaunywa wote.

Nililala najua nimewapoteza wote wawili. Mama hatasamehe aibu ile, Luhende hatabaki mahali ambapo mama mkwe amemwona na nepi kichwani.

Jumamosi asubuhi mama alikuja amevaa viatu vya safari na mfuko wake mkononi. Mbele, karibu na mlango, kulikuwa na mfuko wa Luhende. Mimi nimekaa kwenye kiti katikati, Luhende amemaliza kumcheulisha mtoto, bado amemshika begani. Nilisubiri kikohozi.

Mama hakukohoa. Aliingia, akavuta kiti, akakaa. Luhende akaganda. Nilimwona anapima umbali wa mlango.

"Mwangaluka, bhabha," mama akasema. Alikuwa anatazama ukuta, lakini salamu haikupitia kwa Nancy.

"Mwangaluka, mayu," Luhende akajibu, macho sakafuni.

"Rudisha huo mfuko wako ndani."

Luhende hakujua afanye nini, kwa hiyo hakufanya kitu. Mama akanigeukia mimi.

"Nilipokuzaa wewe ilikuwa wakati wa kupanda kama hivi," akasema. "Baba yako yuko shambani tangu alfajiri, mama yangu amekufa. Nilikufunga mgongoni nikaenda kuteka maji, kitovu chako hakijakauka. Siku ile nilijiambia, mwanangu akizaa, hatakuwa peke yake. Ndiyo maana nimekuja. Nikafika, nikakuta hauko peke yako, nikakasirika." Akacheka kidogo, kwa kujishangaa. "Jana nimeangalia. Najua haifai, lakini nimeangalia. Sikuwahi kuona."

"Kuona nini, mayu?"

"Mwanaume anamjua mtoto mchanga namna ile. Mimi nilikuwa nadhani hawawezi. Nilikuwa nadhani mikono yao haijaumbiwa."

 Nilikuwa nalia tena, na safari hii sikujua nalilia nini hasa, labda ile ndoo ya maji aliyobeba na mimi mgongoni.

Mama akajifuta pua kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye ukuta wake na kwenye mambo ya maana. "Sasa sikilizeni. Mimi naenda kupanda pamba yangu, mvua hii hainisubiri. Likizo yake ni yake, akae na mwanawe, amwogeshe mpaka achoke. Siku anayorudi kinuni ndiyo siku ninayorudi mimi. Yeye akitoka kwa mlango ule, mimi naingia kwa huu. Heshima inabaki palepale, na mtoto hakosi mtu. Kwa nini hatukufanya hivi tangu mwanzo?"

 Mimi ni mwalimu, nimesomea kupanga ratiba, na sikuwa nimeifikiria.

"Ndiyo, mayu," Luhende akasema. 

Mama akasimama, akaweka mfuko begani, halafu akautua tena. Alitaka kumuaga mjukuu. Luhende akaelewa, akainama amlaze chini ili yeye atoke nje, bibi amchukue.

"Usimweke chini," mama akasema.

Aligeuza uso pembeni, akautazama ukuta kwa heshima yake yote, akanyoosha mikono. "Nipe mimi."

Luhende akaugeuza wake upande wa pili. Wakasogeleana hivyo, hakuna anayemtazama mwenzake, mpaka mikono yao ikakutana chini ya mgongo wa mtoto. Nilitegemea mmoja wao aitoe haraka. Hakuna aliyeitoa, mpaka wote wawili walipokuwa na hakika kwamba Nancy ameshikwa.